Nusu Dakika Bila Kutikisika

Jumatatu, 6 Oktoba

King'ora changu kimelia tena. Aibu! Zoezi zima limesimama kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa mzima wa afya, nimeketi sakafuni nikitazama moto.

Nieleze, maana siku moja nitazeeka na kusahau. Kila kuruta wa zimamoto hapa chuoni hufungwa king'ora cha manjano kiunoni. Ukikaa nusu dakika bila kutikisika, huanza kulia taratibu, kama kifaranga. Ukizidi kutulia, hupiga mayowe ya kufufua wafu. Maana yake: mwenzetu ameanguka. Kila mtu huacha alichoshika na kukimbia kumtafuta. Kilibuniwa na mtu ambaye hajawahi kuwaza jambo lolote kwa zaidi ya nusu dakika.

Leo tulikuwa ndani ya kontena la chuma kujifunza tabia za moto. Moshi ulishuka kama pazia. Juu yake ndimi za moto zilipita polepole, rangi ya chungwa, zikijikunja na kujikunjua kama majani chini ya maji. Joto likanikaa mabegani. Mara nikawa kwenye sauna ya Mummu, bibi yangu, kile chumba chake cha mvuke, na mimi ni mtoto mwenye nywele zilizolowa. Mummu alikuwa akisema kwamba sisi watu wa Kifini ndani ya sauna hukaa kama tuko kanisani: hatupigi soga, hatuchezichezi, hatubebi ugomvi. Basi nikakaa kanisani. Nikasikia kifaranga. Nikadhani ni ndege. Ndege mzuri.

Kilichofuata, nikaburutwa nje kwa mabega yote mawili na Trudy Vukelich, kuruta mwenzangu mwenye mikono kama koleo, ambaye alishaanza kuiona nishani yake. Alipokuta macho yangu yako wazi nyuma ya barakoa, akapaza sauti: "Afande, maiti anatabasamu!"

Wakacheka mpaka wengine wakavua helmeti.

Kapteni Skalicky hakucheka. Yeye husema polepole, na hilo ni baya kuliko kufokewa. Aliuliza nilikuwa nafanya nini. Nikasema nilikuwa natazama. Akasema wenzangu pia walikuwa wanatazama, ila wao walikuwa wanatazama kama watu walio hai. Kisha akaniambia kwamba king'ora kinacholia bure humzoesha mtu kutokimbia, na siku kikilia kweli, mtu huyo atamalizia kahawa yake kwanza. Kwa hiyo kikilia bure tena kabla ya mtihani wa Ijumaa kwisha, nifunge mfuko wangu niende nyumbani.

Nyumbani! Mama alisema nitarudi kabla ya theluji. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa akikunja soksi zangu. Nilisoma falsafa, nikafanya kazi kwenye ghorofa ya chini ya maktaba, nikaishi ndani ya kichwa changu kama samaki ndani ya chupa. Nilikuja huku ili dunia inikamate kola. Sirudi.

Mila ya wazimamoto wa huku: anayekosea, au anayefanya jambo kubwa kwa mara ya kwanza, huwanunulia wote aiskrimu. Hata kama nje kuna barafu. Mwuza aiskrimu wa mtaa wa chini sasa ananiita kwa jina na kuuliza habari za Mama. Vukelich alichagua ya karanga na chokoleti, mabonge matatu, akaila akinitazama usoni.

Nina mpango.


Jumanne, 7 Oktoba

Mpango wenyewe: mwili na roho viachane. Roho iende itakako. Mwili ubaki ukitikisika. Kama nitauzoesha mwili kuyumba wenyewe kila usikiapo kifaranga, nitaweza kuota hata ndani ya tanuri na asijue mtu. Ajabu wanafalsafa hawakuliona hili!

Nilimweleza Teddy Bellanger. Tunalala chumba kimoja, na kwenye mazoezi yeye ni mwenzi wangu: tunaingia wawili, tunatoka wawili, hiyo ndiyo sheria. Ametoka kwa Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, wa Fond du Lac, kwao huvuna mpunga-mwitu ziwani kwa mtumbwi, na huongea kama mtu anayelipia kila neno. Alinisikiliza akisugua buti. Akauliza kwa nini nisijitikise tu nikikisikia. Nikamwambia hilo ni jibu la mtu asiye na maisha ya ndani. Akasema haya, dada falsafa, lala.

Nimefanya mazoezi kutwa nzima. Nilikiweka king'ora mezani wakati wa chakula. Kikilia, nakisukuma kwa kidole, kiuno kulia, kiuno kushoto. Nikipiga mswaki, kiuno. Darasani, kwenye somo la malori ya kemikali yaliyopinduka, mkufunzi aliniuliza kama nahitaji kwenda msalani. Nikasema hapana. Baadaye kidogo akaniomba niende tu, kwa faida ya wote.

Alasiri tulikata gari bovu kumtoa sanamu aliyebanwa kwenye usukani. Mkata-chuma ni mzito kama mbuzi. Kidude cha mtu fulani kikalia kifaranga, nacho kiuno changu kikaitika. Vukelich akauliza kwa sauti ya wote kusikia: "Rautio, hii ni ajali au ni harusi?"

Acheke. Jioni hii nilikuwa dirishani, king'ora kiunoni, nikitazama ukungu ukipanda kutoka ziwani, ukimeza mji wa Duluth taa moja moja, na nilikuwa mbali kweli kweli, mahali pasipo na jina. Nilipozinduka, kiuno kilikuwa kinayumba chenyewe. Bellanger alikuwa ameketi kitandani ananitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyefungua mlango.

Imewezekana!


Jumatano, 8 Oktoba

Kiuno kinauma. Siwezi kuinama. Mpango wa kwanza una dosari ya mifupa.

Lakini usiku haukupita bure. Kwa nini nitikisike mimi? Kitikisike kidude! Nimechukua mshipi wa kuvulia samaki kutoka mfuko wa Bellanger (sikumwamsha, kwa huruma), nikakining'iniza king'ora chini ya koti, karibu na goti, kiyumbe kama kengele ya ng'ombe. Mtu akisimama wima, upepo unafanya kazi yote. Nikajiona nimezaliwa mapema kuliko zama zangu.

Somo lilikuwa ngazi ndefu. Nilipanda mpaka juu kabisa, nikajifunga mkanda, nikasubiri amri. Kutoka kule ziwa lote lilionekana. Meli ya madini ya chuma ilikuwa inaondoka, ndefu, taratibu mno, kama mtu anayechora mstari chini ya sentensi aliyoipenda. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya maji. Sikujua tena ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nikawaza labda halipo jibu. Nikawaza labda mimi mwenyewe ni mahali ambapo vitu viwili vinakutana. Kiunoni kimya. Gotini, ding'a ding'a, kidude kinayumba. Furaha iliyoje!

Amri ya kushuka ikaja. Mshipi ulikuwa umejizungusha kwenye kipago cha ngazi. Nikavuta. Nikavuta tena, kwa falsafa yote niliyo nayo. Ukakatika.

King'ora kilitua juu ya helmeti ya Vukelich aliyekuwa ameshika ngazi chini, kikaruka, kikaingia kichakani. Alisema maneno ya Kislovenia ambayo nadhani babu yake aliyaleta kutoka ng'ambo kwa ajili ya siku kama ya leo.

Kichakani, kidude kikatulia. Sikuweza kushuka haraka. Kifaranga. Kisha mayowe. Na kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa, kuruta wote walidondosha walichoshika, wakakimbia, wakakizingira kichaka, na Bellanger akaingia kwa magoti kumtafuta aliyeanguka. Akatoka na kidude mkononi, na kipande cha mshipi anaoujua vizuri.

Kapteni Skalicky alikichukua akakigeuzageuza. Nilishaanza kukunja soksi zangu akilini. Hatimaye akasema kwamba kanuni inahusu mtu aliyepoteza fahamu; hapa ni fahamu zilizopoteza mtu; na hilo halimo kwenye kanuni. Akanirudishia. Ila akasema, kwa ule upole wake, kwamba kanuni haitakuwa na mwanya mwingine.

Aiskrimu. Vukelich, mabonge manne. Bellanger hakula. Amesema nitamletea mshipi mpya, na njiani nisisimame kuutazama.


Alhamisi, 9 Oktoba

Leo sikuhitaji mpango. Mbingu imenipa.

Zoezi la maafa makubwa! Basi kuukuu limelazwa ubavu shambani, mapipa yanatoa moshi wa rangi, nusu yetu ni waokoaji na nusu ni majeruhi. Na majeruhi hawavai king'ora! Nilinyoosha mkono kabla Kapteni hajamaliza sentensi. Akanitazama kwa shaka, akanipa jeraha dogo kuliko yote: kifundo cha mkono kimevunjika, miguu mizima. Kazi yangu ilikuwa moja. Kipaza sauti kikiita wote wanaoweza kutembea, niinuke niende kwenye turubai la kijani. Basi. Hata mtoto angeweza.

Walinipaka damu ya sukari. Nikalala chini ya miti ya tamaraki, ile inayogeuka dhahabu mwezi huu na kudondosha sindano zake, ndiyo majani yake. Zilikuwa zinanyesha juu yangu bila sauti. Bata-maji walipita juu kwa safu, wakiitana, wakielekea kusini. Nikaenda nao. Nilipita juu ya mashamba, juu ya mto, juu ya paa la nyumba yetu, nikamwona Mama akianika shuka, hakuangalia juu. Sijawahi kuwa mwepesi vile.

Sikusikia kipaza sauti chochote.

Vukelich alikuwa mpangaji wa majeruhi. Anayetembea, kadi ya kijani. Anayeweza kungoja, ya njano. Wa haraka, nyekundu. Aliyekwisha, nyeusi. Wanasema aliniita kwa jina. Wanasema alinitikisa bega na kunifinya sikio. Mimi nilikuwa na bata. Akanifunga kadi nyeusi, akaruka juu yangu, akaendelea na walio hai.

Nilipozinduka palikuwa kimya. Basi tupu. Mapipa yamezimwa. Sindano za dhahabu zimenijaa masikioni. Wote walikuwa wamekwenda kula na kuniacha na marehemu wenzangu, ambao walikuwa masanamu. Nikakaa nao kidogo. Kuwa maiti si vibaya. Ni baridi ya mgongo tu, na upweke wa kugundua kwamba dunia imekwenda kula bila wewe.

Nikaingia ukumbini na damu yangu na kadi yangu. Vukelich alikuwa na kijiko cha nyama na viazi mdomoni, akapaliwa. "Mzimu huyo!"

Kapteni alimuuliza kwa nini kadi nyeusi kwa mtu anayepumua. Akajibu: "Anapumua, afande, lakini bila faida."

Wakacheka. Kapteni hakucheka. Akamrudisha Vukelich shambani peke yake, akapange masanamu yote upya, mvua ikianza. Aliporudi, maji yakimtiririka puani, alikuja mpaka kwenye kitanda changu. Hakupaza sauti. Alisema kesho, kwenye mtihani, akinikuta nimekaa naota, atanipita kama jiwe. Aliapa kwa mama yake.

Nikataka kumwomba radhi. Lakini nilikuwa nawaza kuhusu upweke wa maiti, na nilipopata maneno alikuwa ameshalala.


Ijumaa, 10 Oktoba

Niandike polepole.

Mtihani: mnara wa mafunzo, moto wa mbao na nyasi kavu chini, moshi ghorofa zote. Mimi na Bellanger tulipewa ghorofa ya pili, tumtafute sanamu tumtoe. Tuliingia kwa magoti, yeye mbele, mimi nimeshika buti lake. Nilijiahidi kutoota. Kiuno kilikuwa tayari.

Chumba cha mwisho. Nilisikia kitu kikivunjika juu, kavu, kama mtu anayevunja kuni. Dari likashuka. Nyaya, mbao, na kabati la chuma likapinduka mlangoni. Nilipopapasa, buti la Bellanger lilikuwa bado mkononi mwangu, ila lilikuwa halisogei mbele.

Alisema kwa utulivu: "Dada, hii si sehemu ya mtihani."

Kabati lilikuwa limembana mguu. Nyaya zilikuwa zimeshika mtungi wake wa hewa kama nyavu. King'ora chake kimepondwa. Redio zetu: yake chini yake, yangu sijui. Kabati lilikataa kusogea. Mwanya wa dirisha ulikuwepo nyuma yangu, wa kumtosha mtu mmoja. Nilimulika saa ya mtungi wake. Mshale ulikuwa umelala upande usiopendeza.

Hapo ndipo nilipopata mwanga. King'ora changu! Kumbe maisha yangu yote yalikuwa maandalizi. Nani katika jimbo hili anaweza kutulia kama mimi? Nilipiga goti, nikamshika Bellanger mkono, nikafumba macho nikaenda kwenye sauna ya Mummu.

Sauna haikufunguka. Nikabisha. Ndani nilisikia pumzi za Bellanger tu, ndani ya barakoa, fupi fupi. Nikawafuata bata, walikuwa wameshaondoka. Nikaitafuta meli. Hakuna. Ulimwengu wangu wote wa ndani, ule ulioninyima usingizi na kazi na marafiki, ulikuwa chumba kitupu, na katikati yake moyo wangu ukipiga kama mlevi mlangoni. Nilikuwa natetemeka mwili mzima. Mtu anayetetemeka halizi king'ora.

Nikambana Bellanger mkono, nikasema kimoyomoyo: tulia, tulia, tulia. Nikatulia. Ilichukua muda kama msimu mzima wa baridi. Na hatimaye, kiunoni, kidogo, kizuri: kifaranga!

Na kiuno changu kikayumba. Kulia. Kushoto. Chenyewe.

Kimya.

Nililia machozi. Nikaanza tena. Kifaranga. Kiuno. Nikaanza tena. Kifaranga! Kiuno! Nilikifinya kiuno kwa kucha, hakikusikia.

Bellanger akaniuliza ninafanya nini. Nikamwambia naita msaada. Akauliza: "Kwa kucheza?"

Kisha akanyoosha mkono wake mmoja uliokuwa huru, akanipapasa kiunoni, akabonyeza kitufe chekundu kilichopo katikati ya kidude. Kipo katikati ya kila kidude. Ukikibonyeza, kinapiga mayowe papo hapo. Tulifundishwa siku ya kwanza. Naikumbuka siku ile. Mvua ilikuwa inachora mito midogo kwenye kioo.

Mayowe! Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Wa kwanza kufika alikuwa Vukelich. Hakupitia mlangoni, shoka lilitokea ukutani, kisha helmeti, kisha yeye mzima kama ng'ombe anayeingia zizini. Alinimulika usoni. Akauliza: "Unaota au mmekwama?"

"Tumekwama."

Basi. Hakuuliza tena. Akakata nyaya, akainua kabati kwa mgongo, tukamvuta Bellanger mimi huku na yeye huku. Tuliingia wawili. Tulitoka watatu.

Kifundo cha Bellanger kimeteguka tu. Tulikaa nyuma ya gari la wagonjwa, blanketi moja, vikombe vya kakao. Kapteni Skalicky akaja. Uso wake ulikuwa wa majivu, nadhani si ya moto. Akasema mnara umefungwa mpaka lile dari likaguliwe. Akasema king'ora changu kimelia. Nikasema ndiyo, afande. Akasema, na hakikulia bure.

Kisha akaniuliza kwa nini sikutoka dirishani mwenyewe kwenda kuita watu, hewa yangu ikiwa bado nyingi. Niliitafuta hoja. Nilikuwa na haki ya kuwa na hoja, nimesomea. Nikasema kwamba sikuwaza hilo kabisa.

Akasema hiyo ndiyo habari njema ya kwanza aliyowahi kuisikia kunihusu. Mimi na Bellanger tumefaulu.

Na kwa kuwa Vukelich ameokoa watu wa kweli kwa mara ya kwanza maishani mwake, na mila ni mila, aiskrimu ni juu yake! Nilichagua mabonge manne. Nilikula nikimtazama usoni. Alikuwa anacheka.


Jumatatu, 20 Oktoba

Siku ya kwanza kituoni! Koti langu lina jina langu: RAUTIO, mgongoni, herufi zinazong'aa gizani. Bellanger kapangiwa karibu na kwao, na amenitumia kifurushi cha mpunga-mwitu, ishara kwamba habari ya mshipi imekwisha. Vukelich kapangiwa hapa hapa na mimi. Tumeshagombania kabati la nguo. Kashinda.

Nimebadilika. Nataka iandikwe. Yule msichana wa samaki ndani ya chupa amekufa chini ya tamaraki na kadi nyeusi mkononi. Sasa mimi ni mtu wa vitendo, macho nje, masikio wazi. Hata kiuno nimekiachisha kuyumba. Nimempigia Mama simu kumwambia. Aliuliza kama huku theluji imeanguka. Nikasema bado. Akasema, haya.

Mkuu wa kituo ameniagiza nivae vifaa vyote nivikague, nimngoje hapa. Nimevivaa, helmeti mpaka king'ora. Nimekaa kwenye bampa la mbele la gari kubwa, mlango wa kituo uko wazi, ziwa lile pale. Ninaandika haya magotini nikingoja.

Theluji! Imeanza sasa hivi, nikiandika. Mama, umekosea! Chembe moja imetua kwenye buti. Nyingine kwenye mkono wa koti. Hazianguki kwa haraka. Kila moja inakuja kama iliyofikiria kwanza. Ziwa limekuwa jeupe kabla ya kuwa jeupe. Nimeweka kalamu chini kidogo nikazitazama, na nikawaza kwamba ukimya si ukosefu wa sauti, ni kitu chenye uzito wake, kinachotua.

Kuna ndege analia karibu. Nilidhani wote wameshakwenda kusini.

Mzuri kweli.

Sasa kuna king'ora kinapiga mayowe humu kituoni. Siku ya kwanza ya kazi! Lazima ni Vukelich. Watu wengine hawafundishiki. Naona mkuu wa kituo amedondosha kikombe chake. Wote wanakimbia, na kwa sababu nisiyoielewa, wanakuja upande wangu.